Pakiti Mbili, Dawa Moja: Nilivyojifunza Kutumia Omeprazoli

Kiungulia changu kilianza kwa kunisumbua usiku tu. Saa moja hivi baada ya kulala, moto ulipanda kutoka chembe ya moyo hadi kooni na kuniachia uchachu mdomoni. Vidonge vya kutafuna vinavyozimua asidi vilinipa nafuu kwa dakika chache lakini havikunifikisha alfajiri, kwa hiyo nikanunua omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumboni, ya miligramu 20, ile isiyo na jina la kibiashara, ambayo pakiti yake huandikwa jina la dawa yenyewe na la kiwanda basi.

Niliitumia kama watu wanavyotumia dawa ya maumivu: kifua kikiwaka nameza, kikitulia naacha. Tena, kwa kuogopa kukwamwa na kapsuli, niliifungua na kuzitafuna punje zilizomo. Baada ya siku tatu bila tofauti yoyote nilihitimisha kwamba dawa isiyo na jina kubwa haina nguvu, nikanunua nyingine iliyokuwa nalo, na kwa kuwa sikutaka kuitupa ile ya kwanza, nikawa nameza moja asubuhi na nyingine usiku. Siku ya tano ndipo nilipozisoma pakiti zote mbili kwa utulivu. Chini ya lile jina kubwa, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa: omeprazoli, miligramu 20. Kwa siku hizo zote nilikuwa nikijipa dozi mara mbili ambayo hakuna mtaalamu aliyeniandikia.

Majina ya kibiashara yamewahi kuwachanganya hata walio wajuzi kuliko mimi. Dawa hii ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1989 iliitwa Losec, jina lililokaribiana mno na Lasix, dawa ya kuongeza mkojo, hata mwaka 1990 likabadilishwa kuwa Prilosec.

Nilizipeleka pakiti zote mbili kwa mfamasia, nami nashukuru kwamba hakunicheka. Alinieleza kwamba asidi hutolewa na vijipampu vilivyo katika seli za ukuta wa tumbo, na kwamba omeprazoli huvifunga vile tu vinavyofanya kazi wakati huo, huku vilivyolala ikiviacha. Kinachoviamsha hasa ni chakula. Ndiyo maana dawa humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, ili ikute kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwa kuwa vyote haviamki kwa pamoja, nguvu yake kamili huweza kuchukua siku 1 hadi 4, na anayeisubiri impoze usiku uleule anaidai isichoweza. Zile punje nilizozitafuna zimefunikwa makusudi ili asidi ya tumbo isiiharibu dawa kabla ya kufika kwenye utumbo, kwa hiyo nilikuwa nikiiharibu mwenyewe kwa meno. Kuhusu nguvu, kiambato kinachotibu ni kilekile na kwa kiasi kilekile. Kinachotofautiana ni rangi, umbo na vitu vya kujazia, jambo ambalo lina uzito zaidi kwa mwenye mzio.

Kisha akaniuliza ni dawa gani nyingine ninazotumia. Nilitaja diklofenaki ya maumivu ya mgongo, ambayo sikuwahi kuifikiria kwa kuwa haikuwa ya tumbo, kumbe ni miongoni mwa dawa zinazolichubua. Aliuliza pia kama natumia klopidogreli ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu omeprazoli huipunguzia nguvu, na kama chakula hukwama kooni, nimepungua uzito, nimetapika damu au nimepata choo cheusi kama lami. Aliongeza kwamba maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au tayani, pamoja na jasho, yanahitaji hospitali mara moja. Sikuwa na lolote kati ya hayo, lakini alisisitiza nimwone daktari badala ya kuendelea kujiandikia.

Daktari alinibadilishia dawa ya mgongo na kunipa kapsuli moja ya omeprazoli kila asubuhi kwa wiki 8. Siku ya nne nililala usiku mzima. Niliinua pia kichwa cha kitanda kwa vipande vya mbao, kama sentimita 15, maana mito mirefu hukunja tumbo tu, na nikaacha kula ndani ya saa tatu kabla ya kulala.

Hakuna aliyekuwa amenitayarisha kwa siku ya kuacha. Siku chache baada ya kapsuli ya mwisho moto ulirudi kwa ukali, nami nikaamini kwamba siwezi tena kuishi bila dawa. Daktari alinieleza kwamba tumbo lililozuiliwa asidi kwa wiki nyingi huweza kuitoa kupita kiasi kwa muda dawa ikikatishwa, na kwamba kurudia kapsuli kiholela kungenifunga kwenye matumizi ya muda mrefu, ambayo huweza kupunguza madini ya magnesi na vitamini B12 mwilini. Nilirudia vile vidonge vya kutafuna kwa siku kumi hivi, na hali ikatulia.

Kapsuli chache bado zimo kabatini. Juu ya pakiti nimeandika OMEPRAZOLI kwa kalamu nene, na chini yake tarehe niliyomaliza.