Mwili mmoja, mitambo miwili

Mayflower ni boti ya kuvutia meli iliyoundwa mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1861, wakati feleji, yaani chuma cha pua, ilikuwa bado haijaenea katika uundaji wa vyombo. Mwili wake ni wa mabamba ya chuma cha kufua yaliyofungwa kwa ribiti, yaani misumari ya chuma inayopondwa ncha zake. Iliagizwa kwa ajili ya mfereji wa Gloucester na Sharpness, wenye urefu wa kilomita 26, ambako kabla ya hapo meli zilikuwa zikivutwa na farasi waliopita ukingoni, nayo iliendelea na kazi mpaka miaka ya 1960. Karne nzima ni umri mkubwa kwa chombo chochote, sembuse kile ambacho kazi yake ya kila siku ni kuvuta vyombo vikubwa kuliko chenyewe. Iliwezaje kudumu hivyo?

Nilipomsimulia mjomba wangu habari hizi, ambaye ujana wake aliumalizia katika vyumba vya mitambo vya boti za bandari ya Malindi, hapa Unguja, hakuniuliza kwanza habari za injini. Aliuliza, "Maji yake ya chumvi au baridi?" Nilipomjibu kuwa ya mfereji ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, alisema, "Basi hapo, mwanangu, pana nusu ya jawabu." Chumvi hula chuma upesi, na bahari yetu ina chumvi na joto pamoja. Ndiyo maana hapa Unguja chombo cha chuma hupandishwa pwani kwa maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa sana, na maji yakishatoka fundi hupita bamba moja baada ya jingine akigonga kwa nyundo. Bamba zima hulia kwa mlio mkali. Lililoliwa hutoa mlio mzito usiofika mbali, na pengine nyundo ikazama. Mjomba aliifanya kazi hiyo akiwa amelala chali kwenye tope, kutu ikimwagikia usoni, na hakuwa na muda wa kupumzika kwa sababu bahari ilikuwa ikirudi.

Nusu ya pili ya jawabu ni kubadilishwa. Mwaka 1899 Mayflower ilitiwa boila mpya, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, na mtambo mpya wa mvuke wa silinda mbili. Katika mtambo wa namna hiyo, mvuke ukishasukuma pistoni ya silinda ndogo hautupwi, bali hupelekwa kwenye silinda kubwa ukafanya kazi mara ya pili, na hivyo makaa ya mawe hupungua. Waliokuwa nayo hawakuona sababu ya kuutupa mwili mzima kwa ajili ya mtambo uliopitwa na wakati.

Mafundi wa majahazi wa Funguni, hapa mjini Unguja, wanalijua jambo hili vizuri sana. Jahazi lililokuwa likienda kwa tanga baina ya Unguja, Pemba na bara hutobolewa nyuma ipite shafti, yaani mti wa chuma unaozungusha rafadha, likatiwa injini ya dizeli, na mwenyewe akaendelea kuliita kwa jina lake lilelile. Chombo cha chuma, kwa masikitiko yangu, mara nyingi hatukifanyii hivyo: injini ikifa husukumwa pembeni mpaka kiuzwe kwa kilo.

Mayflower nayo ilikaribia kupotea. Jumba la makumbusho la Bristol liliinunua mwaka 1981, ikatengenezwa, na mwaka 1987 ikarudi kwenda kwa mvuke, kwa mtambo uleule wa 1899. Ningependa nasi, kabla ya kuwaita wakataji wa chuma chakavu, tuwaite kwanza wagonga nyundo.