Vikombe Vinne, Mikia Mitatu

Nilikuwa kidato cha tano mjini Kigoma, mwaka 2011. Mwalimu wetu wa baiolojia alifunga vipande vya kioo kwa uzi wa nailoni, tukaenda kuvining'iniza majini kule Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa anashona wavu, alitutazama weee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Sasa mnatega nini bila chambo?"

Mwalimu akamweleza kwamba viumbe wadogo mno tunaowataka huja wenyewe, wakang'ang'ania kwenye kioo kama ukoga unavyoshika mawe. Mzee akaahidi kutulindia juma zima, watoto wasije wakavichomoa.

Hadubini ya shule ilikuwa moja, ya kioo cha kuakisi jua. Zamu yangu ilipofika niliona ukungu mtupu. "Punguza mwanga," mwalimu akaniambia. Nikapunguza, na taratibu kikajitokeza kijiti chembamba mno, kileleni vikombe vinne vimebanana. Kila kikombe kilikuwa kiumbe cha seli moja: mdomoni kola ya vijinywele vilivyojipanga duara, katikati yake mkia. Mkia unachapa, maji yanavutwa, bakteria wananasa kwenye kola na kuliwa. Koanoflajeleti! Nilisahau kupumua.

Mwalimu akaweka mezani jiwe la ziwani lenye gamba la kijani. Gamba hilo ni sifongo, akasema, naye ni mnyama kamili. Ndani yake zimo seli zenye kola na mkia namna ile ile. Mmarekani Henry James-Clark aliuona ufanano huo tangu miaka ya 1860.

"Kwa hiyo hawa ndio babu zetu, mwalimu?"

"Hapana! Hawa ni binamu. Babu yetu sisi na wao alikuwa mmoja, na aliishi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Binamu yako hajakuzaa."

Baadaye, chuoni, nilisoma habari za aina ya koanoflajeleti iitwayo Salpingoeca rosetta. Ikikutana na bakteria fulani, seli yake hugawanyika na watoto wasiachane, wakabaki wameshikana kama ua. Hawakukusanyika kutoka huku na huku. Wote wametoka kwa mama mmoja. Usiku ule sikulala upesi. Niliwakumbuka wanne wangu wa Katonga juu ya kijiti chao, ndugu wa tumbo moja.

Siku ile ya maabara nilichora harakaharaka, kengele ikikaribia. Mwalimu akainama juu ya daftari langu.

"Huyu wa nne mkia wake uko wapi?"

Nikarudi kwenye hadubini. Tone lilikuwa limekauka.

"Sikuuona, mwalimu. Ila lazima anao."

"Uliuona?"

"Sikuuona."

"Basi usiuchore."

Daftari ninalo mpaka leo. Vikombe vinne, mikia mitatu.