Mwendo wa Mama Mdogo

Juni 2014 daktari aliniambia sukari yangu imeanza kupanda, na presha nayo haiko sawa. Hakunipa dawa. Alinitaka nipunguze wali, niache soda, na nitembee dakika 30 kwa siku, angalau siku 5 kwa wiki. Nilijaribu kutembea kwetu Tabata, Dar es Salaam, pembeni ya barabara, nikipishana na bodaboda na vumbi. Siku ya nne nikaacha. Mwezi uliofuata nikachukua likizo, nikapanda basi kwenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kwa mama mdogo.

Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kupanda, kona juu ya kona, na ukifika Soni umeshatafuta sweta. Mama mdogo alinipokea kwa uji wa moto. Akasikiliza maneno ya daktari mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi kesho twende Irente."

Irente ni karibu kilomita 6 kutoka mjini. Tuliondoka saa 2 asubuhi, ukungu ungali umelalia mashamba ya kabichi. Yeye alivaa yeboyebo, kanga na sweta la mtumba, na kichwani alijitwika furushi. Mimi nilivaa raba mpya. Mwinuko wa kwanza niliuvamia, nikitaka niumalize upesi. Haukupita muda nikawa nimeegemea mti, nahema, moyo unapiga mpaka masikioni. Mama mdogo akanikuta palepale, pumzi zake zimetulia kabisa.

"Mwanangu, mlima haupandwi kwa hasira. Hebu nipe habari za watoto. Ukiona huwezi kunijibu, ujue unakimbia."

Nikampa habari za watoto. Nikampa za kazini, za nyumba, hata zile ambazo sikuwa nimemwambia mtu. Huku nikiongea nilimtazama miguu. Alikanyaga kwa wayo mzima, si kwa vidole, na penye mwinuko mkali hakupanda wima: alikata kushoto hatua kadhaa, akakata kulia, akarudi kushoto, furushi limetulia kichwani. Nikamfuata nyayo kwa nyayo. Magoti yakaacha kulalamika.

Na kila tuliyekutana naye tulisimama. Kina mama waliobeba kuni, mzee na jembe lake, vijana wanaoteremsha magunia ya viazi. Kisambaa hakina salamu ya kupita. Unaulizwa umeamkaje, watu wa nyumbani wameamkaje, na wewe unauliza vilevile. Mwanzoni nilikuwa natazama saa. Baadaye nikagundua kwamba kila salamu ilinirudishia pumzi, na saa nikaisahau mfukoni. Hadi leo naamini ni zile salamu zilizonifikisha.

Pale Irente ardhi inakatika ghafla. Unasimama kwenye mwamba, na chini kabisa ni Mazinde, mistari ya mkonge iliyonyooka, barabara ya kwenda Moshi, kisha tambarare ya Umasai mpaka macho yanachoka. Upepo wa joto ulipanda kutoka bondeni ukanipiga usoni, mgongo wangu ungali na baridi ya mlimani. Mama mdogo akanyoosha kidole chini.

"Nilipokuwa msichana tulikuwa tunashuka mpaka kule kwa miguu, na mizigo kichwani. Tunaimba njia nzima."

Akaketi, akafungua furushi. Mahindi ya kuchemsha, chupa ya chai, vikombe viwili vya bati. Akanimiminia. Chai ilinukia mchaichai, nikapiga funda moja, na ulimi ukangoja utamu ambao haukuja. Hakutia sukari hata chembe.

Mama mdogo anapenda chai tamu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Tangu utotoni mwangu namwona akitia vijiko vinne. Siku ile alijimiminia chai ileile, akainywa taratibu akitazama bonde, kisha akaniuliza kama niongezewe.