Mbu dume wakiletwa Lamu mimi nitawaunga mkono

Jamani nimesoma sana hizi habari za mbu waliobadilishwa jeni na naona lazima niseme. Watu wa Lamu wanaikumbuka 2004, ukame uliposhika na maji yakawa yanawekwa ndani muda mrefu bila kubadilishwa, mbu wakazaana humo humo, ugonjwa wa chikungunya ukapata karibu robo tatu ya watu wa mji, mtu mzima hawezi kufunga hata kishikizo kwa maumivu ya viungo, halafu ukatoka hapa ukaenda Mombasa, Komoro, mpaka India.

Mbu anayeueneza ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana kwa hivyo neti haisaidii sana. Funua mtungi wowote uliokaa na maji wiki nzima, mulika tochi, utaona viluwiluwi vimening'inia juu vikivuta hewa, kivuli kikipita tu vinazama. Wazee waliweka visamaki kwenye birika vikala hao wote, lakini siku hizi ni tanki la plastiki juu ya paa, nani anapanda huko kuweka samaki?

Sasa kampuni ya Oxitec inaachia dume peke yake, na dume haumi, chakula chake maji ya maua. Akikutana na jike wa mtaani, watoto wa kike wanakufa wakiwa bado viluwiluwi, wa kiume wanabaki na ile jeni vizazi kadhaa, ukiacha kuachia wengine inapotea yenyewe. Florida walianza 2021. Jibuti 2024, ila huko ni kwa stephensi, mbu wa malaria anayependa maji ya mjini, na huyo Kenya ashaonekana Marsabit.

Kuna ile njia nyingine ya jeni inayojisambaza, yaani inarithiwa na karibu watoto wote badala ya nusu, maabara ya London mwaka 2018 ilimaliza mbu wote wa malaria kwenye vizimba ndani ya vizazi 7 mpaka 11. Inavutia kweli, lakini hiyo mimi bado, ikitoka imetoka, na mbu wa kwetu na wa Somalia ni wamoja.

Na hao wa kampuni waje barazani kwanza, wakae na kina mama wenye matanki, maimamu, vijana, waulizwe mpaka wachoke. Burkina Faso mradi wa miaka wa mbu waliobadilishwa jeni ulisimamishwa na serikali Agosti 2025. Mimi ningeanza na swali la pesa: hawa dume lazima waachiwe tena na tena, wafadhili wakiondoka kaunti italipa?