Skana, kufuli na karatasi za fulskepu

Marehemu baba alikuwa karani katika shamba la mkonge mkoani Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kutupa karatasi. Alipofariki alituachia sanduku la bati lililojaa barua za kazi, stakabadhi, vyeti vyetu vya kuzaliwa, hati ya kiwanja, na picha ndogo za watu ambao wengine hata mama hawakumbuki tena. Mambo ya mirathi yalipoanza kila ndugu alitaka nakala, na hati zenyewe zikaanza kusafiri: leo ziko steshenari, kesho ziko kwa wakili, keshokutwa ziko ndani ya mkoba wa kaka kwenye basi la Dar es Salaam. Shangazi ndiye aliyekata shauri. "Mwanangu," aliniambia, "karatasi hizi zikipotea, baba yako hafufuki kuja kuziandika upya." Wiki ileile nikanunua skana, mashine inayogeuza karatasi kuwa picha ndani ya kompyuta.

Nilinunua iliyokwisha kutumika, ya aina ile ambayo karatasi hulazwa juu ya kioo na kufunikwa, wala si ile inayovuta karatasi kwa magurudumu ya mpira, kwa sababu barua iliyokunjwa mara nne na kukaa sandukuni miaka hamsini ikivutwa na magurudumu hutoka vipande. Wapo walioniuliza kwa nini nisitumie simu. Kwa risiti ya dukani simu inatosha kabisa. Kwa hati ambayo haina pacha wake duniani nataka mwanga ulio sawa kutoka juu hadi chini ya ukurasa, nataka pasiwe na kivuli cha mkono wangu, na nataka vipimo vya kweli, ili muhuri wenye kipenyo cha sentimita tatu ubaki wa sentimita tatu utakapochapishwa tena. Simu iliyoshikwa mkononi haiwezi kuniahidi hayo.

Jioni ya kwanza nilidhani nimeuziwa kopo. Niliunganisha waya, nikabonyeza kitufe, na badala ya mkono wa taa kuteleza taratibu chini ya kioo nikasikia kr-kr-kr, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali kwa kijiko cha bati. Nilichomoa waya haraka. Nilipoipindua mashine ili nisome namba ya modeli, niliona kitelezi kidogo cha plastiki kilichochorwa kufuli lililofungwa upande mmoja na kufuli lililofunguliwa upande wa pili, nacho kilikuwa upande wa kufungwa. Skana nyingi za kioo zina kufuli hili, na kazi yake ni kuushikilia mkono wa taa usigongegonge wakati mashine inasafirishwa. Muuzaji alikuwa ameifunga kama inavyopasa, ila hakuniambia, nami sikuuliza. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha waya wowote, ipindue skana yako kwanza uangalie tumboni. Mota inayolazimishwa kuvuta mkono uliofungwa inaweza kuharibu meno ya mkanda wake, na mkanda huo si kitu utakachokipata kirahisi kwa fundi wa mtaani.

Kufuli lilipofunguka ukaja mtihani wa draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na mashine. Skana yangu ilikuja na sidii, na sidii ile ilikuwa ya Windows ya zamani ya biti 32. Windows ya biti 64 haikubali draiva ya biti 32, na kampuni iliyotengeneza modeli ile ilikuwa imeacha kuiandikia draiva mpya, ingawa mota, taa na kioo vyote vilikuwa vizima. Hasira zilinipanda, nakiri, kwa sababu ni mashine isiyo na ugonjwa wowote ila imekosa mkalimani. Kama skana yako bado ina draiva, utaratibu ni mwepesi: ipakue kutoka kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, isakinishe kwanza, kisha ndipo uunganishe waya pale programu itakapokuambia. Wengi huanza na waya, na Windows huikabidhi mashine kwa draiva isiyo yake, ikawa kazi ya kufuta na kuanza upya.

Kwa aliyetelekezwa kama mimi njia ni mbili. Moja ni kununua VueScan, programu ya Ed Hamrick iliyoanza mwaka 1998, ambayo inabeba draiva zake yenyewe kwa maelfu ya skana. Nyingine, ambayo haina malipo, ni kutumia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, pamoja na SANE, mkusanyiko wa draiva huria ambao tovuti yake ina orodha ya modeli na kueleza kila moja inafanya kazi kwa kiwango gani. Nilisakinisha Linux kwenye kompyuta mpakato kuukuu iliyokuwa ikikusanya vumbi juu ya kabati, nikaandika amri scanimage -L, nikajibiwa kwamba hakuna skana iliyoonekana. Nilipoirudia amri ileile kwa ruhusa za msimamizi, skana ikaonekana mara moja. Hiyo ni dalili ya kuikumbuka: ikiwa msimamizi anaiona na wewe huioni, draiva haina kosa, tatizo ni ruhusa, na dawa yake ni kumwingiza mtumiaji kwenye kikundi chenye haki ya kutumia skana kisha kutoka na kuingia tena.

Bado haikuwa mwisho. Skana nyembamba za aina hii hazina adapta ya umeme. Hula kupitia waya wa USB, na tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampea 500, yaani wati 2.5, ambazo mashine inazihitaji karibu zote. Mimi niliichomeka kwenye kigawanyio kimoja na kipanya na flashi. Kurasa mbili zikaenda vizuri, wa tatu ukakatikia katikati, na nusu ya barua ya baba ikatokea ikiwa nyeusi tii. Nilibadilisha programu na mipangilio, nikapoteza Jumamosi nzima, mpaka mpwa wangu wa darasa la saba alipouliza, "Mjomba, mbona hujaichomeka kwenye kompyuta yenyewe?" Niliichomeka, na tangu siku hiyo haijasita tena.

Kuhusu kioo nina ungamo. Nilikisafisha kwa jeli ya kutakasa mikono, nikiamini kwamba spiriti ni spiriti, na ile glisirini inayowekwa ndani yake kulainisha ngozi ikaacha ukungu uliofanya kila ukurasa uonekane kama umepigwa picha alfajiri ya masika. Tumia kipande cha kanga iliyochakaa, kilichoguswa maji kidogo, kisha kikaushe kwa kipande kingine. Maji yaguse kitambaa na yasimwagwe juu ya kioo, kwa sababu yatapenya pembeni na kuingia ndani, na huko huwezi kuyafuata. Jifunze pia kusoma uchafu. Ukiona nukta inayorudi mahali palepale kila ukurasa, kuna kitu juu ya kioo. Ukiona mstari mwembamba ulionyooka unaoshuka ukurasa mzima, usihangaike kusugua juu, kwani mara nyingi ni vumbi lililokaa ndani, juu ya ule utepe mweupe ambao mashine huutazama kabla ya kila kazi ili ijue weupe ukoje.

Sasa mipangilio, ambako ndiko watu wengi hujiharibia. Wingi wa nukta kwa inchi, ambao kwenye programu huandikwa dpi, ndio unaoamua picha itaonyesha mambo madogo kiasi gani, na kwenye maboksi hunadiwa kwa tarakimu za kutisha. Soma ile inayoitwa optical, yaani ile ambayo skana huiona yenyewe, kwa sababu ile kubwa zaidi ni nukta zinazobuniwa na programu kujazia nafasi kati ya nukta zilizoonwa kweli. Kwa barua na vyeti, 300 inatosha. Karatasi ya A4 kwa 300 huwa na pikseli 2480 kwa 3508, na kwa rangi hiyo ni kama megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Ukipandisha hadi 600 unazidisha mara nne, zaidi ya megabaiti 100 kwa ukurasa mmoja, na dakika za kusubiri nazo huongezeka. Mimi hutumia 600 kwa picha ndogo tu, na kwa mihuri niliyoiona imefifia.

Kosa lililoniuma zaidi ni la rangi. Programu yangu ilianza na chaguo la nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa faili zilikuwa ndogo nikafurahi, nikapitisha kurasa arobaini. Kumbe katika mpango huo kila nukta hulazimishwa kuwa nyeusi au nyeupe, haina daraja la katikati. Wino wa zambarau wa mihuri ya ofisi, uliokwisha kupauka, ulihesabiwa kuwa mweupe, na barua zikabaki bila mihuri kabisa, kama vile hazikuwahi kupokewa na ofisi yoyote. Nilizirudia zote kwa rangi. Barua zilizochapwa kwenye karatasi nyembamba za kopi nazo zilikuwa na la kwao, kwa sababu maandishi ya nyuma yalijitokeza mbele. Ukiweka karatasi nyeusi kati ya barua na kifuniko, maandishi ya nyuma hupotea karibu yote, kwa kuwa weupe wa kifuniko haurudishi tena mwanga kupitia karatasi.

Kisha zikaja fulskepu. Makarani wa enzi za baba walichapa juu ya fulskepu, karatasi ya inchi 8 kwa 13, yaani urefu wa milimita 330 hivi, na kioo cha skana ya kawaida kina urefu wa A4, milimita 297. Zinabaki sentimita tatu nje, na mara nyingi hizo ndizo zilizobeba sahihi. Nilijaribu kuzikunja, nikaona haya. Ninachofanya sasa ni kuipitisha kila karatasi mara mbili, juu kisha chini, huku sehemu ya katikati ikijirudia kwa upana wa kiganja, na baadaye naviunganisha vipande viwili katika GIMP, programu huria ya kuhariri picha, nikifuatisha mstari mmoja wa maandishi. Kioo huwa na ukingo ulioinuka pembeni, na skana nyembamba huona vizuri kile tu kinachokigusa kioo, kwa hiyo pale karatasi inapopanda ukingo huo herufi huwa na ukungu. Ndiyo maana ya kuacha sehemu pana ijirudie. Skana nene zinazotumia vioo na lenzi, mfano Epson Perfection V600, huvumilia zaidi karatasi iliyoinuka na mgongo wa kitabu, ila ni nzito na zinataka adapta yake.

Nilipokuwa na kurasa za kutosha nilitaka niweze kutafuta neno ndani yake. Tesseract, programu huria ya kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, iliyoanzia katika maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, ina data ya Kiswahili, na ukiipa msimbo swa husoma maandishi ya mashine ya taipu vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila nilipotafuta 1967, mwaka aliopandishwa cheo, sikupata hata barua moja, ilhali nilikuwa nimeishika mkononi. Nilikaa nikiitazama tarehe ile mpaka nikakumbuka kwamba mashine nyingi za taipu za zamani hazikuwa na kitufe cha namba moja, na mchapaji alitumia herufi ndogo ya l badala yake. Baba alikuwa ameandika l967 maisha yake yote ya kazi. Kompyuta ilisoma kile kilichokuwepo; aliyeona moja ni mimi.

Faili nimezipa majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, ili zijipange zenyewe, na kila ukurasa una nakala ya TIFF isiyopoteza kitu na nyingine ya PDF ya kutumiana. Kwenye WhatsApp nawasihi ndugu zangu waitume kama hati na si kama picha, kwa sababu picha hubanwa na sahihi za watu zinakuwa ukungu. Kaka bado anatuma kama picha.

Sanduku la kwanza limekwisha. Zimebaki fulskepu kumi na moja za kuunganisha, na shangazi amepiga simu kusema kwamba Korogwe kwa mjomba kuna sanduku jingine, ambalo yeye hataki kabisa lisafiri. Mimi ndiye nitakayekwenda. Jana usiku niliurudisha mkono wa taa mwanzoni mwa kioo, nikachomoa waya, nikaipindua skana na kukisukuma kile kitelezi hadi kikafunga kwa mlio mdogo, kisha nikabandika kipande cha selotepu juu ya kifuniko na kuandika kwa kalamu nyekundu: FUNGUA KUFULI KWANZA.