Sauti ya pili, barabara ya Njombe

Makambako, Ijumaa usiku

Kesho nitamwambia mwenyekiti wa kamati ya harusi kwamba gari likitembea sipulizi tarumbeta. Neno hilo nimelianza Uyole, nikalikamilisha tulipopita Igawa, na sasa tumelala hapa Makambako, njia panda ya kwenda Njombe. Naliandika ili asubuhi, mbele ya watu, lisinipotee.

Msomaji wa mbali huenda hajui kazi yetu inavyokwenda. Harusi ya Mbeya ikitoka kanisani haifiki ukumbini kimya kimya. Mbele ya msafara hutangulia pikapu ya wazi, au kirikuu kama mfuko wa kamati ni mwembamba, na nyuma yake tumesimama sisi wa matarumbeta: tarumbeta tatu au nne, tromboni, baritoni, besi kubwa iliyozunguka bega la mwenyewe, snea, ngoma kubwa na matoazi. Tunapita Soweto, Kabwe, Mwanjelwa, magari yamewasha taa mchana kweupe, watu wanatoka madukani, wa bodaboda wanajibu kwa honi. Naipenda kazi hii kwa moyo wangu wote. Nimeshaona mgonjwa akiinuka kitandani, akaja kuegemea mlango ili atuone tukipita. Spika za kukodi sijaziona zikifanya hivyo.

Lakini tazama tunavyosimama. Mkono mmoja umeshika bomba la gari, mwingine umeshika tarumbeta. Kipulizio ni chuma, uwazi wake ni milimita 16 au 17 hivi, na kimeegemea mdomo. Nyuma ya mdomo kuna meno. Nyama laini imekaa katikati ya vitu viwili vigumu, na chini yetu kuna barabara ya matuta. Tuta halipigi hodi.

Mwaka jana gari lilipanda tuta kwa mwendo, na kipulizio kikanigonga mdomo wa juu. Jino likatoboa kwa ndani. Nilishonwa usiku huo huo nikiwa bado na shati jeupe la bendi. Kidonda kilifunga vizuri, ila kimeacha kovu gumu kama punje ya mtama, na kovu lenyewe liko pale pale mdomo unapotakiwa kutetemeka.

Tarumbeta halina sauti ya kwake. Ni bomba la karibu mita moja na nusu, limekunjwa ili libebeke, lina vali tatu za kurefusha njia ya hewa, basi. Sauti inatoka kwenye midomo. Ile noti ya La ambayo vyombo huwianishwa kwayo ni mitetemo 440 kwa sekunde. Ukiipandisha oktava moja inakuwa 880, na mitetemo yote hiyo inafanywa na kipande cha nyama kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kikiwa na kovu, upande mmoja unaitika na mwingine unachelewa. Noti za chini zinatoka safi. Nikikaribia juu, sauti inachanganyika na pumzi, halafu inakatika.

Daktari alinikataza kupuliza mpaka kovu likomae. Kwetu malipo ni kwa kazi: asiyepanda gari hana posho. Kiongozi wetu hakusema maneno mengi, alinivisha ngoma kubwa kifuani. Nimezunguka nayo Mbalizi, Vwawa, Tukuyu hadi Kyela, na nyumbani hela ya soko haikukosekana. Fadhila ile sijui nitailipa kwa nini. Ila kusimama nyuma ya mwenzako anayepuliza mistari uliyoizoea, huku vidole vyako vya kulia vikibonyeza mti wa ngoma kama vali, ni jambo ambalo sikuweza kulieleza nyumbani, na hata hapa nalipita haraka.

Nikiwa kwenye ngoma ndipo nilipoanza kusoma habari za wapulizaji walioumia. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, yule aliyebebwa juu juu kwenye kiti na watu wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1960, alisumbuliwa na midomo iliyopasuka sehemu kubwa ya maisha yake, akawa anapaka marhamu iliyotengenezwa Mannheim, Ujerumani, na kuuzwa kwa jina lake. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji wa Barcelona, Jaime Planas, alieleza kitabibu jinsi msuli wa duara unaozunguka mdomo unavyochanika kwa wapiga tarumbeta, na tatizo hilo akalipa jina la utani la Armstrong, Satchmo. Chet Baker, naye wa tarumbeta ya jazi, alivunjwa meno miaka ya 1960, akajifunza upya kupuliza kwa meno ya bandia. Mwenzao Freddie Hubbard ndiye aliyeninyima usingizi: mdomo wake wa juu ulipasuka mwaka 1992, akaendelea na kazi, kidonda kikaingia maambukizi, na nguvu aliyokuwa nayo haikurudi tena.

Hao walikuwa na mawakala, na waliweza kupata madaktari. Bado ratiba ya safari haikuungoja mdomo. Sisi tunaoitwa kwa simu Alhamisi kwa kazi ya Jumamosi tutaungojaje?

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kimoravian kule Rungwe, mahali wamisionari wa kanisa hilo walipofika mwaka 1891. Wamoravian wana ibada ya makaburini alfajiri ya Pasaka, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na mimi niliingia kwenye tarumbeta kwa sababu ya alfajiri ile. Mzee alitufundisha tukiwa tumekaa kwenye nyasi. Ukipuliza ubeti mmoja, pumzika ubeti mmoja. Kwenye msiba tulitembea kwa miguu, taratibu, tukisimama kabla ya kupuliza. Kila alichotufundisha kilidhani kwamba ardhi chini ya miguu yako haitaruka. Sisi ndio tumeyachukua mafundisho yale tukayapandisha kwenye pikapu bila kubadilisha chochote.

Njombe, Jumamosi usiku

Nimesema.

Tumeingia Njombe asubuhi, kilomita kama 60 kutoka Makambako, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya chai. Mwenyekiti wa kamati ni mama mtu mzima, kajifunga vitenge viwili juu ya sweta. Nikamwamkia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Kamwene.”

“Kamwene, mama.”

Akatuulizia safari na baridi, akatuagizia chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Nikasubiri watu wanywe kwanza, ndipo nikamweleza. Njiani zitapigwa ngoma, snea na matoazi. Gari litasimama sokoni, litasimama stendi, litasimama mlangoni pa ukumbi, na kila mahali sisi wa kupuliza tutashuka tupulize tumesimama chini.

“Mwanangu, kamati imelipia tarumbeta. Ngoma hata kwa jirani zipo.”

“Tarumbeta mtazipata, mama, na mtazipata zikiwa na nguvu. Ila gari likirusha, chuma hiki kinaingia mdomoni.”

Nikamfunulia mdomo wa juu akaona. Kiongozi wetu alikuwa pembeni anatazama kikombe chake. Mama akalitazama kovu kwa muda, akasema pole, kisha akaniuliza: “Na hawa vijana wako?”

“Nao wana meno, mama.”

Akakubali, kwa sharti kwamba sokoni tusikae mno, kwa kuwa ukumbini mapadri na wazee watakuwa wanasubiri kula. Nikamshika mkono kwa mikono miwili.

Kanisani baridi ilitupa kazi. Jambo hili wapulizaji wa nyanda za juu tunalijua kwa mwili, na ni vizuri lielezwe. Kwenye hewa ya nyuzi joto 20 sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwenye nyuzi sifuri ni mita 331. Hewa ya ndani ya bomba ikipoa, tarumbeta linashuka. Kinanda cha umeme hakishuki. Basi mpulizaji anajikuta chini ya kinanda, na njia ya haraka ya kujinyanyua ni kukaza midomo na kukandamiza kipulizio. Mdomo mzima unavumilia kwa siku hiyo. Mdomo wenye kovu unalipa hapo hapo.

Kwa hiyo mapema nilimwita kijana wetu wa sauti ya kwanza, ile ya juu. Nilimwambia aingize bomba la kurekebishia sauti hadi mwisho, apitishe pumzi ya moto ndani ya tarumbeta bila kutoa noti, na kipulizio akifumbate kiganjani mpaka dakika ya mwisho. “Usiipandishe sauti kwa mdomo,” nikamwambia, “ipandishe kwa joto.” Alifanya yote. Mwanzo tulikuwa chini kidogo, ubeti wa pili tukakaa sawa na kinanda, na nilifurahi kuliko siku nyingi za sauti ya kwanza.

Ndiyo, siku hizi napuliza sauti ya pili. Daktari ameniruhusu noti za kati na za chini, na bendi imenipangia huko. Nilidhani nitaona nimepunguzwa. Kuna saa naona hivyo. Lakini zamani, kule juu, nilikuwa najisikia mwenyewe tu. Huku chini namsikia wa tromboni anavyovuta pumzi, nasikia besi inavyochelewa tukipinda kwenye kibwagizo, na nasikia koo la kijana linavyobana anapokaribia noti ndefu. Nikilisikia, naiongeza yangu kidogo ili asiogope kuwa peke yake. Hakuna aliyenifundisha hilo nilipokuwa wa kwanza, kwa sababu aliyekuwa wa pili alikuwa ananifanyia, na sikujua.

Sokoni ilikuwa raha tupu. Ngoma zilitangulia kuwaita watu, gari likasimama, tukaruka chini, na tulipopuliza sauti ilitoka imeshiba, kwa sababu midomo ilikuwa imepumzika njia nzima na hewa ilikuwa inatoka tumboni, haikatwi na mtikisiko. Bibi mmoja muuza viazi mviringo aliiacha ndoo yake akaja kucheza mbele ya gari la maharusi, na bibi harusi akateremsha kioo akampungia. Tungekuwa tunatembea, tungempita.

Stendi haikwenda hivyo. Askari wa barabarani alitutaka tuondoe gari mara moja, nasi tukaondoka baada ya ubeti mmoja. Mwenyekiti hakulalamika.

Ukumbini, keki ilipoingia, emsii aliomba ile noti ya juu ya kushikilia mpaka watu wapige vigelegele. Aliniangalia mimi, kwa kuwa alishawahi kunisikia Mafinga miaka ya nyuma. Nikamwelekezea kijana kwa kichwa. Kijana akaipata, akaishika, ukumbi ukasimama. Nilipiga makofi kwa dhati, na papo hapo kitu kilinikaza kifuani, maana noti ile nilikaa nayo miaka. Vyote viwili vilikuwa vya kweli na sitaki kuficha kimoja.

Saa tatu usiku mdomo ulianza kujaa. Nikaweka tarumbeta kwenye kasha, nikaomba kitambaa na maji ya baridi, nikakaa nyuma ya ngoma. Wa tromboni akabeba mistari yangu bila kuulizwa. Posho yangu nilipewa nzima.

Jumapili, njiani kurudi

Uvimbe umepungua, kovu linauma nikicheka, halichubuki. Naona nimevuka.

Garini tumezungumza, na hatukukubaliana. Wa baritoni anasema wateja watatukimbia, kwa sababu vikundi vingine vitapuliza garini toka kanisani hadi ukumbini na kwa bei ya chini. Ana watoto wanaosoma, na hoja yake ni ya kweli. Mimi nimesema jambo hili liingie kwenye karatasi ya makubaliano kabla ya malipo ya awali: gari likitembea ni ngoma, likisimama ni tarumbeta, na baada ya kila saa ya kupuliza wapulizaji wapate muda wa kupumzika. Tukiliacha kwa mdomo wa kila mmoja, kijana mgeni kwenye bendi hataweza kulidai mbele ya kamati. Mimi nimeweza kwa sababu nina kovu la kuonyesha, na sitaki kijana yeyote asubiri apate la kwake.

Kiongozi amejibu, “Tutaongea Mbeya.” Simlaumu, simu za wateja zinaita kwake.

Jumamosi ijayo kuna harusi Tukuyu, na mteja ameshasema anataka tupulize garini kuanzia Kiwira mpaka mjini. Nimemwomba kiongozi anipange kwenye ngoma kwa safari hiyo, kijana ashike matoazi, na makasha ya tarumbeta yafunguliwe tukishafika Tukuyu na kushuka. Jibu atanipa Jumatano, mazoezini.