Unaandika Kama Nani? Anza kwa Kuhesabu "Lakini" Zako

Bandika aya tatu kwenye tovuti yoyote ya "unaandika kama nani" na papo hapo utapewa jina kubwa. Bandika aya nyingine tatu za maandishi yaleyale, huenda ukapewa jina jingine kabisa. Mitambo hiyo ina orodha yake ya waandishi, wengi wao wa Kiingereza, na imeundwa ili lazima itoe jina mojawapo. Ukiibandikia orodha ya manunuzi, nayo itapata mwandishi wake.

Jibu linaloshika hupatikana kwa kuhesabu. Na cha kuhesabu si kile ambacho wengi hukidhania. Ukimuuliza mtu mtindo wa mwandishi fulani ukoje, atataja tashbihi, methali na msamiati mzito. Hayo ndiyo mambo rahisi kuliko yote kuyaiga, tena hufuata mada: anayeandika habari za bahari atakuwa na ngalawa na tanga hata kama mtindo wake haufanani na wa baharia yeyote. Kinachomfichua mtu ni maneno madogo asiyoyafikiria anapoyaandika.

Ushahidi maarufu ni wa zile makala 85 za Marekani za miaka ya 1787 na 1788 (Federalist Papers), zilizotetea katiba mpya kwa jina la bandia. Makala 12 ziligombewa kati ya wanasiasa wawili walioshiriki kuziandika, Alexander Hamilton na James Madison. Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace waliziachia siasa na falsafa zao zipite, wakahesabu viunganishi na vihusishi. Hamilton alitumia "upon" karibu mara 3 katika kila maneno 1,000. Madison hakufika hata mara moja. Hamilton aliandika "while" pale Madison alipoandika "whilst". Makala zote 12 ziliangukia kwa Madison.

Kiswahili kinazo jozi za aina hiyo tele, na hapo ndipo pa kuanzia. Je, wewe ni wa "katika" au wa "kwenye"? "Hadi" au "mpaka"? "Au" au "ama"? "Kisha" au "halafu"? "Kwa sababu", "kwa kuwa", "kwani" au "maana"? "Ingawa", "japo" au "ijapokuwa"? "Sana" au "mno"? Maana hazitofautiani sana, kwa hiyo mada haikulazimishi kuchagua. Unachagua kwa mazoea. Tahadhari moja tu: wapo wahariri wanaobadilisha "kwenye" yote kuwa "katika", kwa hiyo upande wako tumia rasimu ambayo haijapita mikononi mwa mhariri.

Sasa mtego wa lugha yetu, ambao programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza haziuoni. Katika Kiingereza, maneno madogo mengi hayajali yanafuatana na nomino gani. Kwetu a-unganifu hubadilika kwa ngeli: wa, ya, la, cha, vya, za, pa, mwa. Ukihesabu "cha" peke yake hupimi mtindo, unapima ni mara ngapi kitabu, chakula na chumba vimetajwa. Riwaya ya upelelezi inayohusu kisu itafanana na kitabu cha mapishi. Dawa yake ni kuunganisha. Kabla ya kuhesabu, badilisha aina zote hizo ziwe alama moja, tuseme AUN. Vivyo hivyo huyu, hiki, hii, haya na wenzao ziwe alama moja. Yule, kile, ile nyingine. Mwenye, chenye, yenye nyingine. Wote, vyote, zote nyingine. "Kwa" iache isimame yenyewe, kwa kuwa mara nyingi kazi yake ni nyingine kabisa. Na "la" ikague kwa macho, isije ikawa ni ile ya kukataa.

Kisha kuna vitenzi. Sehemu kubwa ya mtindo wa msimulizi wa Kiswahili imejificha ndani ya kitenzi, mahali ambapo hesabu ya maneno mazima haifiki. Kuna anayesimulia kwa mfululizo wa -ka- (akainuka, akafungua, akatoka), kuna anayekariri -li-, na kuna anayependa kuegemeza tendo moja juu ya jingine kwa -ki-. Hesabu kila kimoja kwa vitenzi 100, si kwa maneno 1,000, maana ukurasa wenye nomino nyingi utakudanganya. Usimwachie kompyuta atafute herufi "aka" na "waka" mwanzoni mwa neno halafu ukaamini: atakuletea "wakati", "wakala", "akaunti" na "akamilishe", ambazo hazina -ka- ya masimulizi hata moja. Kiambishi hu- cha mazoea ni kibaya zaidi, kwa sababu atakichanganya na "huyu", "huku" na "hujui". Vitenzi 300 unavyovikagua mwenyewe vina faida kuliko 3,000 vya kubahatisha.

Urefu wa matini ndio unaoangusha wengi. Neno linalotokea mara 3 kwa kila maneno 1,000 linatarajiwa mara moja tu katika makala ya maneno 300, na kwa bahati tupu linaweza kutokea mara tatu au lisitokee kabisa. Katika maneno 5,000 litakuwa kama mara 15, na hapo tofauti ina maana. Kwa hiyo kusanya maneno yako yasiyopungua 5,000 ya aina moja ya uandishi, na kwa kila mwandishi unayejilinganisha naye pata angalau vipande viwili au vitatu vya urefu huohuo, kutoka vitabu tofauti ikiwezekana. Waandishi watano au sita wanatosha kuanzia.

Linganisha insha na insha, riwaya na riwaya. Insha za Shaaban Robert hazipimwi pamoja na tenzi zake: mizani humlazimisha mshairi kukata na kurefusha maneno, nawe utakuwa unapima bahari ya shairi badala ya mtu. Mazungumzo ya wahusika yatoe, ubaki na sauti ya msimulizi. Ikiwa wewe unasimulia kwa nafsi ya kwanza na mwenzako kwa ya tatu, ondoa pia viwakilishi vya nafsi katika orodha yako. Tafsiri ziache kabisa. Anayesoma Mabepari wa Venisi ya 1969 na kujiona anafanana na Shakespeare, mtu aliyefanana naye ni Julius Nyerere, mfasiri wake. Urefu wa sentensi nao hauvuki mpaka wa lugha, kwa kuwa "sikumwona" ni neno moja kwetu na ni maneno kadhaa kwa Mwingereza.

Usafi wa matini unachosha ila hauepukiki. Kitabu kilichopigwa picha na kugeuzwa maandishi huja na maneno yaliyokatwa na kistari mwishoni mwa mstari, yaunge. Ng'ombe ndiye msumbufu mkubwa: faili moja lina alama iliyonyooka, jingine iliyopinda, na programu nyingi humkata vipande viwili, "ng" na "ombe". Fanya alama zote ziwe za aina moja na uiamuru programu iihesabu kama herufi. Tahajia za zamani kama "khabari" zigeuze ziwe za sasa, la sivyo utapima umri wa kitabu.

Kipimo chenyewe kinachofaa ni Delta, alichokitoa mtaalamu wa fasihi John Burrows mwaka 2002. Chukua maneno 100 yanayojirudia zaidi katika mkusanyiko wote, baada ya kuunganisha ngeli. Kwa kila neno, tafuta limetokea mara ngapi kwa maneno 1,000 katika kila kipande, halafu wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa vipande vyote; lahajedwali yoyote, kama Excel, inafanya hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, "lakini" ina wastani wa 4 na mkengeuko wa 1.2. Wewe una 6.4: toa 4, gawa kwa 1.2, unapata 2. Mwandishi wa kwanza ana 5.2, anapata 1. Wa pili ana 2.8, anapata hasi 1. Umbali wako na wa kwanza ni 1, na wa pili ni 3. Rudia kwa maneno yote 100, tafuta wastani wa umbali huo, na mwenye namba ndogo ndiye jirani yako. Asiyetaka kuhesabu kwa mkono atumie stylo, kifurushi cha bure cha lugha ya programu iitwayo R, lakini kazi ya kuunganisha ngeli bado itabaki kwake.

Kabla ya kuamini jibu, fanya jaribio hili, kwani wengi huliruka. Chukua kipande cha mwandishi unayemjua, kifiche jina, ukiingize kana kwamba ni chako. Kisipomrudia mwenyewe, orodha yako ina kasoro na matokeo yako hayana thamani. Badilisha pia idadi ya maneno: jaribu 50, 100, 200. Jirani anayebadilika kila mara si jirani. Mwaka 2013, mtaalamu wa kompyuta Patrick Juola alipopima riwaya ya "Robert Galbraith", jina la bandia la J. K. Rowling, alitumia vipimo vinne dhidi ya waandishi wanne. Si vipimo vyote vilivyokubaliana, ila Rowling ndiye aliyesimama imara kuliko wenzake. Na Juola alikuwa ameshaambiwa pa kutazama.

Kumbuka pia kwamba daima atakuwepo aliye karibu zaidi, hata kama yuko mbali. Tazama umbali kati ya vipande viwili vya mwandishi mmoja: mara nyingi ndio mdogo kuliko yote. Kama umbali wako na "jirani" ni mara mbili ya huo, hufanani na yeyote kwenye orodha.

Kwangu mimi jina la mshindi ndilo lenye faida ndogo kuliko yote. Rudi kwenye jedwali, panga maneno kwa ukubwa wa tofauti, usome kumi ya juu. Pengine "kwamba" yako ni mara tatu ya ya kila mtu, au "basi" haipo kabisa. Hayo yakague katika rasimu, moja baada ya jingine, ukiwa na kalamu mkononi.